Neema Alivyomjibu Shangazi Yake

Dodoma, Jumapili jioni, 1997

Bado nimemkasirikia mdogo wangu Yohana. Baada ya ibada aliwatangazia watu kwamba binti yangu Neema amegundua dawa ya saratani huko Ulaya anakosoma. Dada yangu Mwendwa, mwenye uvimbe kwenye titi, akasikia.

Akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, Neema aliko likizo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo dawa umekuja nayo?"

Neema alimkalisha, akamweleza polepole, mara Kiswahili, mara Kigogo. Yeye na wenzake chuoni wanachunguza jeni inayotengeneza protini ndogo. Kazi ya protini hiyo ni kuunganisha protini nyingine, ili amri ya kugawanyika ifike ndani ya seli. Kwenye saratani amri hiyo haikomi. Wakiuzuia muunganiko huo, huenda uvimbe ukaacha kukua.

"Huenda?"

"Huenda, shangazi. Dawa yenyewe haipo, na labda itachukua miaka mingi. Usiisubiri. Twende hospitali Dar wiki hii, nitakupeleka mwenyewe."

Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze. Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia dada ni jipu tu, litapona. Nilijua sasa atalia.

Hakulia. Alimshika Neema mkono. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Haya, twende."

Naogopa sana watakachotuambia huko. Lakini watu wakiniuliza binti yangu ameleta nini kutoka Ulaya, nitawasimulia alivyozungumza na shangazi yake leo.

Laiti marehemu mama yake Neema angemsikia.