Mama Anasema Nilipona

Jumanne jioni

Nimechoka, na si kwa safari ya hospitali Ifakara tu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alilitazama kovu langu la kifuani, akauliza mara ya mwisho kupimwa moyo ilikuwa lini. Nikamwambia nikiwa darasa la pili. Akaweka kalamu chini.

"Dada, tundu la moyo lilizibwa vizuri, lakini sasa valvu, kile kilango cha damu moyoni, inavuja. Ulitakiwa kupimwa kila mwaka, maisha yako yote."

Nina miaka ishirini na sita. Kaniandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa Dar.

Nilipofika nyumbani, kijijini Mbingu, nikamweleza Mama. Hakuacha kupepeta mchele.

"Wewe ulipona. Tulifanya misa ya shukrani, padri akakuinua mbele ya watu wote. Leo ukarudi kliniki, Mungu tutamwambia nini? Kwamba tulimshukuru bure?"

Nilikasirika. Miaka yote hii nahema njiani kwenda kanisani na kujiita mvivu, kumbe! Na hiyo rufaa naiogopa. Wakisema nipasuliwe tena...

Nikachukua ndoo niende bombani, ili niondoke tu pale. Mama akainuka, akaninyang'anya, akaenda yeye, na goti lake lile bovu.

Nikabaki nimesimama mlangoni. Tangu nilipotoka kupasuliwa, mtoto wa miaka minne, mpaka leo, Mama hajaniacha nibebe ndoo ya maji hata siku moja.