Piko Mkononi, Jeshi Kichwani

Jumatatu, 4 Agosti

Tumekimbia tena. Yaani binti yangu Mwanaidi amekimbia. Mimi nimefuata nyuma, leso kiunoni, raba za babake miguuni, nikihema. Kutoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri hadi njia ya Mtongwe na kurudi. Mbwa wakamwacha yeye wakanifukuza mimi. Wanamjua mnyonge.

Nimerudi nikakuta wateja wa viazi karai washaanza kubisha na mafuta hayajapata moto. Nimekaanga huku nimeegemea ukuta. Magoti si yangu.

Nimejitakia. Bakari, mume wangu, aliniomba nizungumze na bintiye, nimtoe hilo jeshi kichwani. Chuo kimeshamwita, uhasibu, nafasi ambayo wenzake wanaililia. Nikaingia chumbani kwake kumtoa jeshi kichwani. Nikatoka nimeahidi kukimbia naye. Sijui ilikuwaje. Alisema tu kwamba akifikiria kukaa darasani miaka mingine minne hata chakula hakishuki, na akiwaona wanajeshi wakipita mbio alfajiri anatamani kutupa kila kitu awafuate. Kasema bila kuinua sauti. Ana miaka kumi na minane na sijawahi kumsikia akitaka kitu namna ile.

Usajili ni Jumatatu ya tarehe kumi na nane, uwanja wa shule, hapa hapa Likoni. Bakari bado hajui kama nimebadilisha upande.

Alhamisi, 7 Agosti

Bakari kajua. Kaziona raba zake zina matope.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Kavaa viatu vyake vya kazi, kaenda Kipevu kwenye trela lake la makontena, na jioni karudi hana neno. Mume wangu akinyamaza nyumba nzima inakuwa na joto.

Tatizo letu jingine ni uzito. Mwanaidi ni mwembamba, urefu wote kauchukua kwa babake na nyama hakuchukua kwa mtu. Jeshi lina kipimo chake na yeye yuko chini kidogo. Basi namlisha. Mahamri na mbaazi asubuhi, muhogo wa nazi mchana, wali usiku, na viazi karai katikati vile vilivyovunjika. Anakula kama mbuzi wa Idi asiyejua kalenda.

Tunampima kwa muuza vyuma chakavu. Anapanda kwenye mizani katikati ya betri na mabomba kuukuu, na yule bwana anamsomea uzito wake kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Leo kaongezeka. Watu wawili wakapiga makofi.

Jumapili, 10 Agosti

Wifi Mejumaa kaja kutualika rasmi. Bintiye Fatuma anaolewa Jumamosi, usiku wa hina ni Ijumaa. Wifi ndiye mpakaji hodari kuliko wote upande huu wa maji, maharusi wanavuka feri kumfuata. Safari hii anampaka mwanawe mwenyewe, na keshalia mara mbili kabla ya chai kumalizika.

Akauliza kwa nini Mwanaidi kawa mweusi hivi. Nikamwambia jua la mazoezi. Mazoezi ya nini. Ya jeshi. Akaweka kikombe chini. Akataka kujua nani ataoa mwanamke wa jeshi. Nikasema atakayeoa atakuwa na adabu sana. Mwanaidi kule jikoni akacheka akapaliwa na muhogo.

Wifi hakucheka. Alipoondoka nikajiona jasiri. Sasa ninavyoandika sijioni jasiri sana. Kweli, nani?

Jumanne, 12 Agosti

Nimemkagua Mwanaidi meno kwa tochi ya simu, maana jeshini wanakagua meno na nyayo. Yote yapo. Nimemkagua na nyayo, nikamkanyagisha sakafu yenye maji nione alama. Sijui nilikuwa natafuta nini lakini niliona mguu mzuri.

Bakari kapita, katuona tumechuchumaa sakafuni tunatazama alama ya mguu. Kasimama kidogo. Halafu kauliza kama huko jeshini wanakimbia na raba au na mabuti. Mwanaidi kasema vyote. Bakari kasema mabuti mapya yanachubua, yapakwe mafuta kwanza. Akaenda zake.

Maneno hayo ndiyo mengi aliyosema wiki hii. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti

Usiku wa hina. Raha tupu. Nimeimba mpaka sauti imekauka.

Mwanaidi alikuwa kakaa pembeni mikono mitupu. Nikamwambia akapakwe. Akakataa, akasema atachelewa kulala. Nikamwambia harusi ya binamu yake, mikono mitupu, watu watasema tumenuna, na shangazi yake ndiye anayepaka. Akauliza itatoka? Nikasema itatoka tu, ni rangi. Akatii. Wifi akampaka piko, ile rangi nyeusi kuliko hina, kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, maua na majani yanapanda kama mmea utambaao. Nzuri, wallahi. Akamalizia na mimi kwa bakuli lile lile, mikono yote miwili, na tukasameheana habari ya Jumapili bila ya mtu kuomba msamaha.

Nilimtazama mwanangu anavyopuliza vidole vikauke. Mzuri mno. Nikatamani abaki hivyo hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi imekwisha salama. Pilau ilitosha. Fatuma kapendeza.

Furaha yote imeishia mlangoni kwetu. Mama Kadzo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kupokea sahani ya pilau niliyomwekea. Akamwona Mwanaidi mikono. Akauliza, huyu si ndiye wa jeshi keshokutwa? Mpwa wake alirudishwa mwaka jana kwa mchoro wa nanga aliochanjwa begani. Mtu mwenye michoro mwilini hawamchukui, hata mbio hakukimbizwa.

Nikasema piko si mchoro, inatoka. Mama Kadzo akasema sisi tunajua, lakini wanaosajili wengi ni watu wa bara, wao wataona wino tu.

Mwanaidi akasimama anaitazama mikono yake. Halafu akanitazama mimi.

"Mama, ulifanya makusudi?"

Nikasema hapana. Nikaapa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Nimesema kweli, sikufanya makusudi. Nilisahau kabisa. Lakini Mama Kadzo aliposema hawamchukui, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Kidogo tu. Nimekihisi na nimekionea haya. Haya kubwa.

Jumapili, 17 Agosti

Kusugua tangu asubuhi. Piko ya wifi haina mchezo.

Nimesema kila dawa naijaribu kwangu kwanza, maana na kidonda nacho watakikataa. Ndimu na chumvi. Dawa ya meno. Majivu. Parafini. Dawa ya kung'arishia kanzu za Bakari, hiyo iliniunguza mpaka nikaruka. Mwisho kumbi la nazi na sabuni ya kipande, hapo ndipo ilipoanza kulegea, pamoja na ngozi. Nimejaribu zote kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia nimeuacha na maua yake, kwa sababu ndio wa kusugulia.

Wifi kaja mbio na bakuli la mafuta ya nazi, kalia tena. Safari hii sikumcheka. Tumemkalisha Mwanaidi kwenye kigoda ukumbini, wifi mkono huu, mimi mkono ule, tumemsugua kwa ndimu na kumbi, polepole. Bakari akawa anakamua ndimu. Hakuna aliyemwomba. Kakamua fungu zima.

Jioni piko imefifia, lakini ipo. Majani yanaonekana wazi. Mwanaidi kasema basi, inatosha, ikikataa imekataa. Kasema na mimi vizuri tu, kaniletea na chai. Hilo ndilo lililonivunja. Nimekunywa chai nikilia na nikamwambia ni moshi wa karai. Karai halikuwashwa leo.

Ya Rabi, wamchukue. Naomba kwa moyo wote, na hicho kidogo kilichopumua kinyamaze.

Jumatatu, 18 Agosti

Nianze wapi.

Wasichana wengi, wavulana zaidi. Wazazi tukaachwa nje ya uzio wa waya. Bakari kaomba ruhusa kazini, kasimama nami. Mwanaidi kwenye mstari, kaptura ndefu na fulana, mrefu kuliko wenzake. Afande mmoja mwanamke, wa bara, mkali, anakagua mikono na shingo. Kamfikia. Kamgeuza mkono. Kamwonyesha kidole: kule pembeni. Pembeni walikuwa wamekaa wenye michoro, vijana wa nanga na misalaba na majina ya wapenzi.

Nilimwona anaeleza. Afande hasikilizi. Simlaumu, asubuhi yote anaambiwa wino utatoka kesho.

Miguu ikanipeleka. Nikafuata uzio mpaka karibu na pale aliposimama, nikamwamkia shikamoo, mtu niliyemzidi umri. Nikapitisha mikono yangu yote miwili kwenye waya.

"Afande, tulipakwa bakuli moja, siku moja. Huu nimeusugua, huu sijausugua. Mimi ndiye niliyempeleka apakwe. Kosa langu, si lake."

Akaja. Nadhani alikuja kunifukuza. Akatazama wa kulia, maua meusi tititi. Akatazama wa kushoto, umebaki madoa na wekundu, na vifundoni ngozi imetoka. Akaugusa. Akauliza ngozi hii imeenda wapi. Nikamwambia iko kwenye kumbi la nazi.

Akajaribu kutocheka. Akashindwa. Akamwita Mwanaidi, akamwagia maji ya chupa yake mkononi, akasugua kwa kidole gumba mpaka kidole chake mwenyewe kikapata weusi kidogo. Akakitazama kile kidole. Akasema rudi mstarini.

Mwanaidi kakimbia na kundi la mwisho, jua lishakuwa kali. Sikuhesabu mizunguko. Najua tu kwamba alianza nyuma na kumaliza mbele, na kwamba Bakari, bwana asiyesema, alikuwa akipiga kelele kando yangu mpaka kofia ikamdondoka. Nilifikiri ni mtu mwingine.

Uzito, sawa. Meno, sawa. Nyayo, sawa. Jioni wakamtaja jina.

Na kichekesho: wale waliochukuliwa wanaandikwa namba mkononi kwa kalamu nene. Wamemwandika Mwanaidi wetu juu ya ua la shangazi yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Bakari akanivuta kuniinua, akawa analia.

Jumatano, 20 Agosti

Mkono unawasha. Wifi ananipaka mafuta kila jioni na kila jioni anauliza kama jeshini kuna wanaume wa kuoa. Kageuka haraka.

Mwanaidi kaniambia hakuwa na nia mbaya Jumamosi alipouliza lile swali. Nikamwambia alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia na habari ya kile kilichopumua ndani yangu. Kasema na yeye kuna kidogo ndani yake kilichotaka akataliwe abaki. Kumbe.

Tumekaa tukichambua mchele. Nimejisikia mwepesi.

Jumatano, 17 Septemba

Mwanaidi kaondoka alfajiri kwenda mafunzoni. Jana Bakari kamfundisha kung'arisha viatu, kitambaa, rangi, mate kidogo, zungusha. Wamefanya viatu vyote vya nyumba hii, hata ndala zangu zimepona chupuchupu.

Nilimfungia viazi karai vya njiani. Akasema hawaruhusu. Nikamfungia.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, kisha nikakaanga, kisha nikalia tena kidogo. Mama Kadzo kaja kukaa nami mpaka mchana. Kitanda cha Mwanaidi kimetandikwa vizuri kupita siku zote alizokilalia. Nimefunga mlango wa chumba, nikaufungua tena.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kapiga simu. Mara ya kwanza. Wanapanga foleni, kila mmoja kidogo tu.

Nilikuwa na mengi, yote yakapotea. Nikamuuliza anakula? Anakula. Mabuti? Yalichubua, yamepona. Anaamka saa ngapi? Akacheka, akasema Mama, usiulize. Sauti imekuwa nzito kidogo, ya mtu aliyelala vizuri. Akanituma nimsalimie babake, shangazi, Mama Kadzo, hata bwana wa vyuma chakavu.

Katikati ya maneno mtu huko akaita jina la ukoo wetu, kwa ukali. Akaitika hapo hapo, "Ndio, Afande!", mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Simu ikakatika.

Huyu huyu niliyekuwa nikimwita kutoka jikoni, jina lake lote, mara tatu, nne, ndipo nisikie abee.

Bakari kaniuliza kasemaje. Nimemwambia yuko kazini. Kisha nikaenda kumenya viazi vya kesho.