Sura ya Tisa Niliyoiruka

Ijumaa, 3 Mei

Kaka amekaa sebuleni kama mfalme aliyefungwa kitambaa. Bendeji macho yote mawili. Kipande cha chuma cha moto kiliruka kutoka kwenye mashine ya kukatia pale karakana kikamwingia jicho la kushoto. Miwani ya kazi alikuwa nayo, ila ilikuwa juu ya paji la uso! La kulia ni zima, lakini daktari amelifunga pia, eti jicho moja likicheza na mwenzake hucheza, na la kushoto linatakiwa litulie. Zitafunguliwa Ijumaa ijayo.

Redio imeshamchosha. Leo akaniita: Profesa, hebu nisomee hilo dude lako. Profesa ni mimi. Mwaka mzima ananicheka kwa kusoma mambo ya nyota, leo anataka asomewe!

Dude lenyewe ni riwaya ya maktaba ya shule. Watu wa miaka mingi sana ijayo. Wanaishi ndani ya chombo kikubwa cha angani, kila mtu na chumba chake, na hawagusani. Kushikana mkono tu ni aibu. Wamefika kwenye nyota iliyozimika, imezungukwa na pete ya barafu, na wanajua kwamba barafu ile inafikiri. Wameipelekea namba, mwanga, muziki. Kimya.

Kaka: Kwa hiyo wasomi wote hao wanaipigia hodi friji.

Lakini niliponyamaza kumeza mate akasema, endelea basi.

Jumamosi, 4 Mei

Tumesoma sana leo. Sauti yangu haitetemeki nikimsomea Kaka. Darasani nikisimama kusoma aya moja maneno yananikwama. Hapa hanioni. Labda ndiyo sababu.

Anampenda nahodha wa kile chombo. Ni mwanamke mkali, hacheki. Kaka anasema huyo angefaa kuwa msimamizi wao karakana, wavivu wote wangenyooka. Mchora ramani hampendi. Eti mtu gani anachora tu, hafungi hata skrubu.

Jumapili, 5 Mei

Nimefanya kitu cha kijinga.

Huwa nachungulia kurasa za mbele kabla ya kusoma. Asubuhi nikachungulia sura ya tisa. Nahodha anaenda chumbani kwa mchora ramani. Wanavua glavu. Halafu si glavu tu! Na mwandishi hana haraka hata kidogo, anaeleza kila kitu kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia.

Nisome hayo mbele ya kaka yangu? Aliyenishika mkono kunivusha barabara nikiwa darasa la kwanza? Na Mama yuko jikoni, mlango wazi!

Nikasema "Sura ya tisa," nikafunua kurasa zote kwa mkupuo, nikaanza ya kumi.

Na ya kumi inaanza barafu ikizungumza.

Kaka akakaa wima. Ngoja, ngoja. Jana ilikuwa bubu. Imeanzaje?

Masikio yakanichoma. Nikasema: hita iliharibika. Ikapata moto kupita kiasi. Barafu ikahisi.

Akapiga makofi. Aaa! Kumbe lugha yake ni joto! Mama, umesikia? Hawa walikuwa wanaipigia kelele, kumbe inasikia joto!

Ukweli ni huohuo, lugha yake ni joto. Ila neno la kwanza ililosikia si hita. Ni wale wawili. Watu ambao hawakuwa wamegusana kwa vizazi na vizazi, halafu wawili wakagusana, na kule nje kitu kikasema: kumbe mpo.

Ndiyo moyo wa kitabu chote. Nimeutoa, nikaweka hita.

Afadhali angenitilia shaka. Alifurahi tu.

Jumatatu, 6 Mei

Uongo mmoja hautulii mahali pake. Kila ukurasa barafu inauliza habari za "wale wawili." Kila mara nasoma "ile hita." Kuna mahali inasema imezunguka gizani tangu nyota ilipozimika na haijawahi kutamani kitu, ila sasa inawatamani wale wawili warudi karibu. Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma. Nikasoma inatamani hita irudi karibu.

Akili kubwa kuliko binadamu wote, na mimi nimeifanya iililie hita!

Kaka hakucheka. Akasema: Naielewa hiyo barafu. Humu ndani mimi pia ni giza tupu. Nikihisi joto upande huu, najua Mama kakaa.

Nilitaka kumwambia palepale. Nilifungua mdomo kabisa. Nikauliza kama anataka chai.

Jumanne, 7 Mei

Hospitali. Sikwenda shule, nilimshika Kaka mkono kumwongoza. Daktari alimfungua, akamtazama kwa taa, akamfunga tena. Kisha akatuita mimi na Mama koridoni.

La kulia halina neno. La kushoto limekwisha. Halitaona tena.

Mama alishika ukuta. Halafu akajifuta uso kwa kanga, akaniambia: asijue. Aachwe atulie mpaka Ijumaa wamfungue, nitamwambia mwenyewe. Umenisikia, mwanangu? Nikasema nimesikia.

Tuliporudi Kaka akauliza, daktari kasemaje? Mama: kasema unaendelea vizuri, baba.

Akageuza uso upande wangu. Hanioni, lakini aligeuka. Eti, Profesa?

Nikasema ndiyo.

Akashusha pumzi. Basi, alisema, huyu akisema ni kweli. Huyu hajui kudanganya tangu azaliwe.

Jumatano, 8 Mei

Sikumsomea. Nilisema koo linauma. Akaniambia ninywe maji ya moto na chumvi. Akamwita Mama anichemshie.

Nimekunywa yote.

Alhamisi, 9 Mei

Natamani ardhi ipasuke.

Nilipofika kutoka shule Spana alikuwa barazani. Spana ndiye mwenzake Kaka wa karakana, ana sauti ya spika ya mnadani. Kumbe Kaka alikuwa akimsimulia hadithi tangu mchana, na akamwambia, hebu nisomee wewe ile sehemu ya hita, ni sura ya tisa, ni tamu sana. Spana akatafuta hita. Hakuna hita. Akasoma kilichopo.

Chote. Kwa sauti ile!

Aliponiona akasimama, kitabu kakibana kifuani. "Mdogo wangu! Shule siku hizi mnasoma haya?" Akacheka mpaka akakohoa. Nilisimama getini na begi langu. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Kaka naye alicheka. "Hita! Spana, barafu imelia siku mbili inaitaka hita!" Akapiga paja. Alicheka kweli, hakuwa na hasira hata chembe. Nikadhani imekwisha. Nikaanza kucheka pia.

Spana alipoondoka akaniita nikae karibu.

"Uliona haya, eh?"

"Ndiyo, Kaka."

"Ulidhani nitavunjika?"

"Sikujua nisomeje."

"Lakini ulisoma vizuri. Sikusikia hata pale uliporuka." Bado alikuwa anatabasamu. Halafu tabasamu likabaki tu mdomoni, kama kitu kilichosahauliwa pale. Akagusa bendeji upande wa kushoto, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Profesa. Juzi pale hospitali. Mliruka nini?"

Nikasema nakuja, nakuletea maji. Nikakimbilia chumbani. Glasi sikuchukua. Niko sakafuni, mgongo mlangoni, naandika kwa sababu hii tu ndiyo inanituliza.

Mama bado yuko kazini, kiwanda cha mikate. Aliniomba kitu kimoja. Kaka naye kaniuliza kitu kimoja.

Nasikia kiti kimesogea. Anakuja peke yake. Mkono wake unaburuza ukutani. Amelipita kabati. Amejigonga kwenye stuli, hajatukana. Sasa amesimama. Joto lake—hapana, huo ni ujinga, mlango ni mbao. Lakini najua yuko usawa gani.

Hagongi.

"Nasikia kalamu," anasema.

"Soma tu. Kama ilivyoandikwa."

Na mimi bado naandika.