Sweta la Kijani Haliuzwi

Kwamndolwa, Jumapili usiku

Nilijua tu watacheka. Kile kipindi cha kuomba mtaji kwa wawekezaji kimerushwa leo kwenye TV, nikakitazama peke yangu, mlango nimeufunga majirani wasije.

Wazo langu nililieleza vizuri. Wanaopanda Lushoto kwa Idi au Krismasi wanatoka na joto la Dar, wameshasahau baridi ya kwao. Niwakodishie masweta hapa stendi ya Korogwe, wayarudishe wakishuka. Wawekezaji wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Kisha mmoja wao, mama mwenye miwani, akalinyooshea kidole lile la kijani kati ya masweta niliyoyaleta.

"Hilo nalitaka mimi. Bei gani?"

Nikamwambia hilo haliuzwi, wala halikodishwi. Wakacheka wote, na mambo yakaishia hapo.

Baadaye Zuhura, mwanangu, akapiga simu kutoka Dar. Idi mbili sasa hajaja tupande wote kwa bibi yake Bumbuli. Nilifurahi kusikia sauti tu.

"Shikamoo mama. Nimekuona. Ila lile la kijani ungemuuzia tu. Unamwekea nani?"

Nikasingizia mtandao.

Nimelikunja tena, nikalirudisha kwenye begi. Sijui kama bado litamtosha Zuhura; sijui hata kama amenenepa.