Sindano za Magoti

Matogoro, Songea
9 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini kaka Remmy atakukuta mzima na lile jino limetulia. Sisi hatujambo, mume wangu Saimon anakusalimu sana. Nimeona nimpe kaka barua badala ya kupiga simu, maana simu yako huwa unaiweka spika, na habari hizi si za kusikilizwa na jumuiya nzima.

Remmy ametusimulia mengi. Anasema siku hizi unapiga magoti misa nzima bila kushika benchi, na kwamba sikukuu ya somo wa jumuiya ulicheza mpaka vijana wakakaa chini. Nilicheka hadi machozi. Akaongeza kwamba Mama Suzana na wenzake sita wameshafunga mizigo, na Alhamisi unawaleta Songea wachomwe zile sindano za magoti. Hapo kicheko kikanikauka.

Mama, unamkumbuka yule popo? Ulikuwa umekuja kututembelea baada ya Pasaka, unapepeta maharage uani, naye akaanguka mchana kweupe karibu na ungo. Ukamwokota kwa mkono mtupu, ukimpa pole kama mgeni aliyepotea njia. Akakung'ata kidole gumba. Nilikuosha kwa sabuni na maji mengi hadi ukalalamika kwamba namaliza mche mzima, kisha nikamfunika popo kwa sufuria na kumpigia simu Amedeus, aje amchukue akapimwe maabara.

Huyu Amedeus ndiye mtaalamu ninayemfungia nyavu za kunasia popo kule mlimani. Alitufundisha mapema kwamba popo wengi ni wazima, ila akiwapo mwenye ugonjwa wa jamii ya kichaa cha mbwa, huambukiza wenzake kwa mate wanapong'atana wakigombea mahali pa kuning'inia. Kirusi hupita kwenye mishipa ya fahamu taratibu mpaka kwenye ubongo. Wengine hufa, wengine miili yao hukishinda, ndiyo maana kundi haliishi. Binadamu hana bahati hiyo. Akishaanza kuumwa, ni vigumu mno kupona, lakini akiwahi chanjo huokoka. Na popo anayeanguka mchana, anashindwa kuruka, si wa kumwamini.

Nilikueleza haya siku ileile. Ukasema popo umeishi nao darini tangu baba yu hai, na kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutibiwa kichaa, wala hutakuwa wa kwanza. Nakujua mama, ukisema hapana hata padre hakugeuzi. Asubuhi yake nikakuambia kituo cha afya kimeleta sindano za magoti.

Sasa nakiri. Zile sindano tano zilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nesi Zuhra nilimdanganya kwamba wewe unasikia Kingoni tu, nikajifanya mkalimani, nawe kwa adabu zako ukaniachia nizungumze. Uliponiuliza kwa Kingoni kwa nini dawa ya magoti ichomwe begani, nikakujibu kwamba itashuka yenyewe. Siku ya mwisho ulimshukuru kwa Kiswahili kilichonyooka, akanitazama, nikatamani ardhi inimeze. Baadaye nilimrudia nikamweleza yote. Amenisamehe, lakini hataki kuniona tena bila wewe.

Magoti yako yameponywa na mwendo. Bodaboda uliikataa, basi mwezi mzima tulikwenda kituoni kwa miguu, na siku zisizo za sindano ukazoea kwenda hivyohivyo sokoni. Waambie akina Mama Suzana wabaki nyumbani, watembee. Na popo akianguka asiguswe kwa mkono.

Majibu ya maabara yalifika Ijumaa. Popo wako hakuwa na ugonjwa. Najua utasema si nilikuambia, nawe useme tu, hata kanisani. Wiki zote zile kila ulipokohoa nilisimama mlangoni kukusikiliza, na kila ulipoomba maji nilikutazama mpaka umeze, maana mwenye ugonjwa huo hushindwa kumeza maji. Sijawahi kufurahi namna hii kwa kukosea. Heri uninunie mwaka mzima, mradi upo wa kuninunia.

Wasalimie wote, na Mama Suzana umpe pole yangu. Kama hasira ni nyingi, njoo Alhamisi unigombeze mwenyewe. Nitakupokea stendi, na njia nzima hadi nyumbani utanigombeza tukitembea.

Mwanao mwongo anayekupenda,
Hilda