Jumamosi Sita za Jovita

Singe, Babati
Alhamisi jioni

Dada yangu Paskalina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye miteremko ya huko Mbulu. Sisi hapa tunaendelea. Mahindi yamebeba vizuri, wifi yako Romana anakusalimu, nami nina afya ya kutosha kugombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hupata pa kukwepea.

Nimesikia umemwagiza mwanao Jovita afungashe arudi nyumbani kwa kuwa chuo kimemnyima kuhitimu mwaka huu. Begi lake liko tayari mlangoni, na anasema atapanda basi Jumapili baada ya misa. Kabla hajaondoka soma haya yote, hata kama utakasirika katikati.

Pale chuoni wamebuni kitu wanachokiita kujitolea kwa jamii. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima afanye saa arobaini za kazi ya bure mtaani na kupeleka fomu yenye muhuri, ndipo apewe krediti, yaani zile alama ambazo zikipungua hakuna kuhitimu. Nilipoiona hiyo fomu nilimwuliza mwanao tangu lini mtu anajitolea kwa kulazimishwa, tena kwa malipo ya alama. Alicheka, akanijibu kwamba fomu haijui kubishana, mjomba, inataka saini tu.

Wangekuja kufanya kazi ningenyamaza. Lakini wenzake Jovita walitujia siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kila Jumamosi, tunapochimba mtaro wa bomba la maji ya zahanati, vijana kumi na wawili wenye fulana nyeupe pee. Walipokezana jembe moja lenye mpini mpya, na kila aliyelishika alipigwa picha. Jirani yetu Mama Brayan aliwaomba wasilichoshe sana, maana lilikuwa la kuazima. Saa nne asubuhi walishaondoka kwenda kunywa soda. Jioni mwenyekiti wetu wa mtaa, Konstantini, aliwagongea wote muhuri wa saa nane za kazi, na kuwashukuru kwa moyo wao wa uzalendo!

Nilichukia, dada, na bado nachukia. Wajane wa mtaa huu wamechimba kila Jumamosi, mikono imechubuka, na hakuna chuo kilichowahi kuwapa hata kipande cha karatasi. Kwao huo ni wajibu tu. Akija kijana kugusa mpini, wajibu huo unageuka kuwa somo, una alama, una mgeni rasmi wa kugawa vyeti. Wanawafundisha watoto kwamba jirani yako ni kituo cha kuchukulia muhuri. Niliyasema hayo kwenye mkutano wa mtaa, nikayaandika kwenye barua kali ya kurasa nne, nikaipeleka chuoni kwa mkono wangu.

Kwenye mkutano huohuo nilimgeukia Konstantini. Nilisema hana haki ya kumgongea mtu muhuri wa kazi kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga kwenye mtaro, humtuma mfanyakazi wake wa ng'ombe. Nilisema anayejiandikia jasho la mwingine ni mwizi kuliko mwizi wa kuku. Watu walipiga makofi. Konstantini aliinama tu, akisugua kofia yake.

Barua yangu iliwashtua chuoni. Walimtuma mwalimu mmoja, Kindness, aje kulinganisha kila fomu na daftari la msaragambo. Wale kumi na wawili walinaswa wote, nami nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akaifikia fomu ya Jovita. Ilisema amechimba Jumamosi sita, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Kwenye daftari jina la Jovita halikuwepo.

Wewe unalijua daftari la msaragambo. Haliandikwi jina la aliyechimba, inawekwa tiki kwenye jina la mkuu wa kaya. Mwalimu hakulijua hilo hadi Konstantini alipomweleza. Alikuja nyumbani kwangu pamoja na Konstantini, akaketi, akaniuliza mbele ya mwanao: hizi tiki sita kwenye jina la Amedeus, nani alichimba?

Dada, alichimba Jovita. Zote sita. Alikuwa akiamka kabla ya Romana, anafunga khanga kiunoni, anachukua jembe langu. Mimi nilibaki mezani na magazeti yangu, nikiandika dhidi ya chuo. Lakini Konstantini alikuwa amenikazia macho, na kile nilichomwambia mbele ya watu kilikuwa hakijapoa. Nikasema nilichimba mimi.

Mwalimu alimgeukia Jovita. Mwanao aliniangalia kidogo tu, halafu akasema kama mjomba amesema hivyo, basi ndivyo. Mwalimu akapiga mstari kwenye fomu yake. Ni mimi niliyemnyima mwanao kuhitimu, dada. Chuo kilifuata neno langu.

Tangu siku hiyo Romana hunisalimia kwa kuwa ni Mkristo, basi. Mama Brayan alinisimamisha njiani akaniuliza, huku wenzake wakisikia, tangu lini nachimba mtaro nimefunga khanga. Mimi ninayejibu kila kitu niligeuza njia nikarudi nyumbani. Na Jovita bado ananiwekea maji ya kuoga. Angenitukana ningelala.

Usidhani nimewasamehe wale wa chuo. Mpango wao ni wa hovyo na nitaupinga hadi wauache. Ila sitaupinga kwa kumkanyaga mtoto. Jana nilimfuata Konstantini nikamwomba nafasi ya kusema kwenye mkutano wa Jumamosi. Alitaka kujua ni kuhusu nini. Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa, kisha akasema atanipa nafasi ya kwanza, na kwamba hataniwekea muda. Mwalimu Kindness nimemwalika, amekubali kuja na ile fomu. Wamemwona Jovita mtaroni watu wengi mno. Nikishasema mimi, watasema na wao.

Barua hii anakuletea Sylvesta mnunuzi wa vitunguu, kesho mchana utakuwa nayo. Nakuomba umpigie Jovita simu jioni hiyohiyo umwambie asipande basi. Mimi nimejaribu mara mbili kumwambia abaki, na mara zote mbili amenijibu kwa heshima kwamba mama ameshasema.

Wasalimie Teodori na watoto wake, na Baba Paroko ukimwona. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, niliyechelewa kusema,
Amedeus