Divai ya Baba Haijafa, Imenuna

Pech-Mirol,
Bonde la Mto Lot,
Ufaransa.
12 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Arlette,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ng'ambo, Rimouski, wewe na shemeji Normand na watoto. Magoti yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia theluji ilikuangusha mlangoni kwako. Usitoke bila fimbo, na kazi ya kumwaga chumvi kwenye ngazi usimwachie Normand, maana namjua, ataikumbuka mwezi wa nne. Mimi naamka, napika, nakata kuni zangu mwenyewe, kwa hiyo huwezi kusema ninaumwa.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira.

Nimemkasirikia ndugu yetu Régis, nimemkasirikia mkwe wake, na kabla hujaanza kutabasamu, nimekukasirikia na wewe. Régis anasema alikupigia simu kukuuliza kuhusu chupa za Baba zilizoko ghala la chini, nawe ukamjibu, "Fanyeni mnavyoona." Fanyeni mnavyoona! Mimi ninavyoona hukuniuliza. Anayeona ni Régis, na alichoona yeye ni lori.

Lori hilo litakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuchukua chupa zote za mavuno ya mwisho ya Baba, yale ya mwaka 2019. Litazipeleka kwenye kiwanda kinachochemsha divai zisizotakiwa na watu. Zitafunguliwa, zitamwagwa kwenye tangi, zitachemshwa mpaka itoke spiriti ya kusafishia mikono. Baba alipinda mgongo juu ya mizabibu ile maisha yake yote, halafu mtu anayetoka msalani Toulouse aje anawie divai yake. Hilo ndilo ulilolikubali ukiwa umekaa jikoni kwako na kahawa mkononi.

Nikueleze ilivyotokea, kwa sababu najua Régis alikueleza kwa mkato. Siku ya Watakatifu Wote walikuja wote. Tulikwenda makaburini na maua yetu kama kila mwaka, mvua ikatunyeshea, wifi Corinne akalalamikia viatu vyake kuanzia getini mpaka kaburini na kurudi. Tukarudi nyumbani kula. Nilikuwa nimepika supu ya maharage, na bata niliyemhifadhi kwenye mafuta yake tangu mwaka jana, na viazi vya vitunguu saumu. Tulikuwa hatujafika kwa bata Régis aliposhuka ghalani bila kumuuliza mtu, akarudi na chupa ya 2019. Akaifungua pale pale, ya baridi, akamimina.

Umeondoka siku nyingi, labda umesahau. Baba hakuacha amri nyingi katika nyumba hii, ila moja aliiacha: divai yake haifunguliwi ikiwa imenuna.

Unajua divai yetu haikuwa ya wakubwa. Ilikuwa ya tarishi, ya mchinjaji nyama, ya mwalimu aliyekuja na dumu lake la plastiki Jumamosi. Watu waliinunua kwa sababu walikuwa na uwezo wa kuinunua, na wengi waliimaliza kabla ya Krismasi. Ikiwa changa ni nyeusi, inatia meno rangi, inanukia plamu mbivu, na kila mtu anaipenda kwa sababu haimfichi mtu kitu. Ndiyo maana wanasema divai ya bei ndogo inywewe upesi. Baba hakuwahi kulikubali neno hilo. Kila mwaka alitenga sehemu, akazilaza chupa gizani nyuma ya ukuta.

Ikifika mwaka wa tatu, wa nne, inajifunga. Harufu inakwenda, utamu unakwenda, unabaki ukakasi tu unaokausha ulimi mpaka unatafuta maji. Hapo ndipo Baba alisema imenuna, na mtu asiisumbue. Inaweza kununa miaka mingi. Halafu siku moja, hakuna ajuaye kwa nini ni siku hiyo, unafungua chupa na ukingo wa divai ndani ya glasi umegeuka rangi ya tofali. Ukakasi umelainika. Inanukia ngozi, uyoga, majani yaliyolowa, tumbaku kidogo. Ni divai ile ile ya tarishi, lakini watu wanapunguza sauti wakiinywa.

Si kila mwaka huamka. Nisidanganye. Ule mwaka wa mvua nyingi haikuamka kabisa, tukaifanya siki, na Baba alikiri mwenyewe mbele ya majirani. Ila hakuiita mfu kabla ya wakati wake.

Unakumbuka divai ya harusi yako? Normand alimuuliza Baba ameinunua duka gani, Baba akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa divai ile ile ambayo Régis, akiwa kijana na ndevu zake tatu, aliionja ikiwa imenuna akaitema kwenye buti za Baba. Kwa hiyo kosa hili si geni kwake. Amelirudia akiwa na mvi.

Sasa rudi nami mezani. Aurélien, mkwe wake, yule anayeuza divai dukani Bordeaux, akaizungusha glasi mpaka nikaogopa kitambaa changu cha meza. Akanusa, akaonja, akafanya uso wa msiba.

"Shangazi, samahani sana," akasema. "Hii imekufa. Tunda hakuna. Ni ukakasi mtupu."

"Imekufa?" nikamwambia. "Ulihudhuria mazishi?"

Corinne akacheka ndani ya leso. Régis akanitazama. "Huguette, usianze."

"Nimeanza nini? Imenuna. Iache."

"Aa, imenuna! Kila divai mbaya katika nyumba hii imenuna. Na siki ya kabatini je, nayo imenuna? Ikibembelezwa itarudi?"

Wote wakacheka, na mimi ningecheka kama angeishia hapo. Hakuishia hapo. Alimimina divai kwenye mabaki ya supu yake, kama Baba alivyozoea kufanya kila jioni, akainua bakuli akanywa, kisha akalisukuma mbali. "Hata supu imeikataa," akasema. "Jamani, tukubali. Mwaka ule mzee alikuwa ameshakwisha. Ulimi ulikuwa umemwacha. Alikuwa akitengeneza divai kwa mazoea tu."

Alisema hivyo mbele ya wajukuu wake, tope la makaburini bado liko kwenye viatu vyao. Nilisimama nikaanza kuondoa sahani. Aurélien alikuwa bado anakula, nikaondoa na ya kwake.

Arlette, ninajua anachokitaka. Anataka ghala liwe tupu ili aweke mashine za bwawa la kuogelea, nyumba ipangishwe kwa watalii wa Agosti. Aseme hivyo! Aseme, "Dada, nataka nafasi." Tungegombana, tungenyamaziana mpaka Pasaka, tungeelewana. Lakini kulipaka jina la Baba matope ili apate pa kuweka pampu, hapana. Mtu akitaka kutupa kitu cha marehemu lazima kwanza aseme kilikuwa kibovu, ili alale usingizi.

Nilifunga ghala siku hiyo hiyo. Juzi akanipigia simu.

"Huguette, ufunguo uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Shingoni."

"Wewe mtoto wewe?"

"Mimi mkubwa wako. Na punguza sauti."

Ndipo akaniambia kwamba nyumba ni ya watoto watatu, kwamba wewe umekubali, kwamba wawili wakisema ndiyo mmoja hana la kusema, na kwamba fundi wa kufuli yupo. Nikamkatia simu. Nikatoka nje nikakata kuni za wiki nzima.

Habari nyingine ni chache. Jozi mwaka huu ni haba, baridi ya Aprili iliunguza maua. Nguruwe mwitu wamefukua bustani ya jirani yetu Firmin, naye badala ya kutengeneza uzio anakaa barazani na kuwatukana. Duka la mikate limefungwa, tunaletewa mkate kwa gari mara tatu kwa wiki, na kwa jinsi ulivyo, ni afadhali wangetuacha. Firmin anakusalimu. Nilipomsimulia ya Régis alisema, "Mpe ufunguo, halafu umfungie humo humo." Nimelifikiria.

Sasa nina jambo lililobaki. Hili usimwambie Régis, wala usilisome kwa sauti Normand akiwa kwenye simu na dada zake.

Pale mezani, baada ya Aurélien kutoa hukumu yake, kabla sijajibu, wote walinigeukia. Unajua kwa nini. Wakati wote Baba alipokuwa na shaka na pipa aliniita mimi. Nilionja, nikamwambia, naye hakuuliza mara mbili. Basi nikainua glasi. Nilinusa. Nikanywa, nikaizungusha mdomoni kama alivyotufundisha.

Hapakuwa na kitu, Arlette. Hapakuwa na tunda, wala ukakasi, wala siki. Tangu ile homa ya Februari sisikii harufu wala ladha ya chochote. Kahawa kwangu ni maji ya moto. Ile supu waliyoisifia niliitia viungo kwa kukumbuka. Wiki iliyopita maziwa yaliungua jikoni nikiwa nimekaa pale pale, nikajua kwa moshi. Daktari ananiambia huenda ikarudi, lakini ananiambia huku akiangalia dirisha.

Nilisema imenuna kwa sababu ukingo wa glasi bado ulikuwa zambarau, na kwa sababu umri wake ni umri wa kununa. Hayo ni macho na hesabu. Ulimi haukuniambia lolote. Huenda Régis amesema kweli. Huenda mwaka ule Baba aliguswa na hiki kilichonigusa mimi, akatuficha, akaendelea kuonja mapipa na kutikisa kichwa kama mtu anayesikia. Tangu siku ile nalifikiria hilo kila nikikaa kula. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Mtu ametamka neno baya juu ya baba yangu nami siwezi hata kuapa kwamba ni uongo.

Kwa hiyo sitaki "fanyeni mnavyoona." Mimi sioni tena. Mpigie Régis leo umwambie hapana, lori lisije. Kisha panda ndege. Wewe ulikaa kwenye ngazi za ghala pamoja nami, Baba alikuonjesha kwa kijiko kabla hujajua kusoma, na Régis wakati huo alikuwa anakimbiza mpira. Usiniambie umesahau. Ulimi hausahau, unapotea tu, na wako haujapotea.

Njoo tushuke wawili, tufungue chupa moja, uonje mimi nikikutazama usoni. Kama imenuna, tutaiacha ilale. Kama imekufa, usinionee huruma, niambie, nami nitampa Régis ufunguo kwa mkono wangu na kumwomba radhi mbele ya Corinne. Utakalolisema ndilo nitakaloliamini kuhusu Baba mpaka nife, maana njia nyingine ya kujua sina.

Nisalimie Normand, mwambie simlaumu kwa lolote isipokuwa zile ngazi. Wabusu Florence na Mathis, na yule mchanga ambaye bado sijamwona ila kwenye picha. Mungu awakinge na barafu na magonjwa, akufikishe hapa salama kabla ya Ijumaa hiyo ya lori.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ambaye bado nimekukasirikia,

Huguette